Mke Wangu Ndiye Aliyenisukuma

Kahama, Jumamosi

Dada Sesilia, shikamoo.

Watoto hawajambo na mpunga umeanza kuiva. Baba Nelly amerudi. Chama kimelikata jina lake kwenye uteuzi wa mgombea urais. Hilo ningelivumilia. Ila juzi, kwenye mkutano wa kumpongeza aliyeteuliwa, alisimama jukwaani akasema, “Mimi sikuutaka urais. Mke wangu ndiye aliyenisukuma.”

Watu walicheka. Nilikuwa nimekaa mbele, nikacheka nao, ingawa unajua nilivyomsihi asichukue fomu.

Jioni akaniuliza, “Umekasirika?”

Nikasema hapana, nikamtengea chakula.

Sokoni sasa wananiita Mama Ikulu. Naitika, dada, kisha narudi nyumbani bila kununua kitu.

Msalimie shemeji, lakini haya usimsomee.

Mdogo wako,
Generosa