Pete ya Kivuli Juu ya Paa la Luzira

Mpendwa kaka Baraka,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Bukavu. Goti lako linaendeleaje, lile lililokuwa likilalamika kwenye ngazi? Mimi na wanangu tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia nikiwa juu ya paa letu, kwenye kituo cha hali ya hewa, Luzira. Vile vyombo viwili vya kupima jua bado vipo. Kimoja kinatazama anga lote. Cha pili bado kina ile pete ya chuma, kivuli chake kikiziba jua kutwa nzima, kioo kipokee tu mwanga uliotawanywa na mawingu na vumbi. Nilipotoka Busia kuja kufagia hapa, nilikuuliza kwa nini mtu anunue kipimo cha jua kisha akinyime jua. Ulicheka hadi ukakaa chini.

"Dada Roda, siku ya mawingu si unaona njia? Ule mwangaza wa kuzunguka ndio tunapima."

Hadi leo nikiomba katika shida, nakumbuka maneno hayo.

Ukanifundisha kuisogeza pete kila baada ya siku chache, kulifuata jua likielekea kaskazini. Kisha ukaenda kumzika mama yako, ukaniachia ufunguo wa paa. Mwezi wa sita jua likageuka kurudi kusini. Mimi nikaendelea kusukuma kaskazini, maana mkono ulishazoea. Uliporudi kuchukua ufunguo wako, kioo kilikuwa kinapigwa na jua mchana kutwa.

"Jua imeisha kugeuka, na weye uko unaitafuta kule mbele," ulisema, ukinitania.

Lakini mkubwa wa kituo alipouliza nani ameharibu vipimo vya mwezi mzima, ulinitangulia. "Ni mimi niliacha alama mubaya ya kusogeza pete." Akakunyang'anya ufunguo, akanipa mimi. Wewe ukapelekwa stoo, hadi ulipochoka ukarudi kwenu. Nami, mwimbaji wa kwaya, nikanyamaza. Nilisema nitaungama Jumapili. Jumapili ngapi zimepita, kaka?

Sasa mkubwa anastaafu mwisho wa mwezi. Nataka nimwambie ukweli kabla hajaondoka, wenzetu wakisikia. Ila nikisema, nitakuwa nimekufanya wewe mwongo, na uongo ule ulikuwa zawadi yako kwangu. Sitaki kuirudisha bila kukuuliza.

Pete nimeisogeza asubuhi hii, upande ulio sawa.

Nisamehe, kaka. Na tafadhali nijibu upesi, mkubwa akiwa bado yupo.

Dada yako wa paani,
Roda