Sauti za Kando ya Timbo

Mjukuu wangu Wafula,

Huku mtaani Lucky Summer tunapumua. Goti la babu yako bado linamsumbua, na dada yako amepata kazi ya kusuka nywele mtaa wa pili, Baba Dogo. Mimi nimechoka tu, ule uchovu usioisha kwa kulala.

Unauliza kama wewe na wenzako mnaotembeza wageni mfunge njia ya kutazama ndege huko ziwani, kwa kuwa mgeni aliteleza akavunjika mguu. Miaka ya tisini tulikuwa na timbo hapa nyuma, shimo la kuchimbia mawe lililojaa maji. Sisi wanawake tulifulia blanketi pale, na watu wa mjini walikuja na darubini kuangalia korongo, wale ndege wa miguu mirefu. Aliyesogea ukingo mbaya tulimpigia kelele: "Wewe, rudi, hapo panabomoka." Alirudi.

Halafu mlevi mmoja akazama. Chifu akazungusha seng'enge, akaweka geti na askari. Sikumlaumu, maana nilikuwa nimemlilia huyo mlevi. Sisi tulifukuzwa, wenye darubini wakaingia kwa ruhusa.

Siku moja mzee mmoja wa darubini aliingia peke yake. Tulipoitwa kumtafuta, korongo walikuwa wametulia kando ya kofia yake majini. Askari alikuwa getini, kama alivyoagizwa.

Weka kamba ukingoni, baba, usione haya. Ila kabla hujafunga njia, angalia ni nani hushinda pale. Ukimwondoa, nani atapiga kelele?

Ni mimi shosho yako. Miguu imechoka, sauti bado ninayo.