Damu Kwenye Kanzu ya Mzee Warsame

Mama Muthoni mpenzi,

Pokea salamu zangu kutoka hapa Isiolo kwenye vumbi. Hujambo? Kikohozi cha Muthoni kimepona? Na ile mvua, imefika shambani kwetu ama imeishia kwa jirani kama kawaida yake? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inachemka, na leo utanisamehe, naandika nikiwa na hasira.

Dereva wa kabichi, yule aliyekufikishia habari za huku, amenipa ujumbe wako: "Mwambie afunge mdomo, yuko ugenini." Basi sikia kwanza.

Diwani wa hapa alipigwa risasi Alhamisi, mlangoni kwake, kutoka ng'ambo ya barabara, jua likizama. Akafa pale pale. Nusu ya mji walimlilia kama baba, kwa sababu aliwaletea maji kule Burat. Nusu nyingine walikuja hotelini kwangu, wakaagiza nyama na soda, wakacheka wazi wazi. Na kila mtu ana muuaji wake! Huyu anasema ni shifta, wale majambazi wa porini. Yule anasema ni ugomvi wa malisho kule Kipsing. Mwingine anasema ni mume wa mtu, mambo ya wivu. Fundi wa redio aliapa kwamba ni wakubwa, halafu akaangalia mlango akaomba chumvi.

Kufika Jumamosi wote wameshakubaliana: ni Mzee Warsame mwenye lori, yule aliyenipa chumba nilipokuja hapa bila hata blanketi. Kisa? Aligombana na Diwani sokoni. Tena jioni ile alionekana akienda nyumbani na damu kwenye kanzu.

Damu! Haki ya Mungu, nilitaka kuwamwagia supu. Tangu lini mtu akapiga bunduki kutoka ng'ambo ya barabara akarukiwa na damu? Unajua nikichinja mimi Mkristo, Waislamu hawali hapa. Kila nikinunua mbuzi, Mzee ndiye hunichinjia. Jioni ile tulikuwa nyuma ya jikoni, yeye ameshika kisu, mimi nimeshika miguu, tukasikia mlio. "Gurudumu hilo limepasuka," akasema. "Wewe shika vizuri." Na mbuzi huyo ndiye waliyemla! Walijilamba vidole huku wakimhukumu aliyemchinja. Hawana haya hata kidogo.

Jana askari wakamchukua. Mkewe amekaa nje ya kituo na chupa ya chai, wanakataa kuipokea. Wale walaji wangu wa nyama wakimwona wanavuka barabara.

Najua unaogopa nini. Kuchinja nyuma ya hoteli badala ya kichinjioni ni kosa, na nikisema Mzee alikuwa na mimi, bwana afya ataifunga hoteli inayotulisha sote. Mla mbuzi hulipa ng'ombe, basi nitalipa. Lakini usiniambie tena nifunge mdomo, Mama Muthoni! Nilipolala na malaria, mdomo huu ulilishwa uji na mke wa mzee huyo.

Ngozi ya yule mbuzi bado ninayo, nimeipaka chumvi. Kesho asubuhi naibeba begani, napita nayo katikati ya soko mpaka kituoni. Waione wote.

Nisalimie mama yangu, umwambie nakula vizuri. Msalimie kaka yako seremala, na umwombe alitie jembe langu mpini mpya. Huenda nikalihitaji.

Ni mimi mumeo, mwenye hoteli mpaka kesho,
Baba Muthoni