Kigae Alichokibeba Mama

Nyumbani kwa Mama,
Kola, Machakos.
4 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Kimanzi,

Nakusalimu wewe, Waruguru na mwanetu Muthoka. Natumaini barua hii itawakuta wazima na kwamba joto la huko Tucson limepungua, maana lile la Julai lilitaka kunikausha kama mboga za kunde. Mgongo wa Waruguru unaendeleaje? Na Muthoka, bado anakataa maziwa?

Sisi huku ni wazima. Presha ya Mama imetulia na dawa anameza bila kusukumwa sana. Shamba tumeshalima, sasa tunaangalia mawingu tu. Mjomba Maundu alikuja Jumapili kutoka Kalama kudai picha za safari yetu ya huko kwenu, akakaa mpaka chai ikaisha na mkate pia.

Kimanzi, hizo ndizo salamu. Sasa kaa chini. Barua hii nimempa Mzee Masila wa Syokimau, anayekuja kumwona binti yake Phoenix, akuletee mkononi. Wewe mwenyewe ulisema mambo haya yasiandikwe tena kwenye simu, na hata ungeniruhusu, nisingeweza kuyasema huku nakusikia ukipumua.

Nilikudanganya. Nilikudanganya mara mbili. Mama alibeba kitu kule kwenye magofu.

Unakumbuka siku tuliyofika, pale uwanja wa ndege, Mama alipoambiwa aweke vidole kwenye ile mashine? Mashine ilimkataa mara tatu. Miaka hamsini ya kufinyanga vyungu imemfuta alama zote. Yule afisa alimpangusa vidole kwa kitambaa, akamwita mwenzake, wakaandikaandika, ndipo tukapita. Mimi na wewe tulicheka garini mpaka machozi. Mama hakucheka. Zile siku tisa zote ulizotuendesha jangwani, kwenye lile kanisa jeupe la wamisionari, kwenye zile nyumba za udongo za ghorofa kule Taos, alikuwa akivitazama vidole vyake. Nikadhani ni uchovu wa safari.

Halafu tukafika kwenye yale magofu ya mwisho, zile kuta zilizojengwa chini ya jabali. Wewe ulienda kutafuta kivuli cha kuegesha gari. Askari wa hifadhi alitueleza langoni kwamba hakuna kuokota chochote, hata jiwe, hata kipande cha chungu, kwamba ni kosa la kupelekwa kortini. Aliongea kwa muda mrefu, jua linawaka, na mimi nina kiu. Mama aliponiuliza anasema nini, nilimjibu kwa Kikamba kwamba anasema tusiguse kuta. Basi. Maneno yote yale nikayafupisha hivyo, na kweli Mama hakugusa ukuta hata mmoja.

Tulipotoka, yule askari akatusimamisha. Kuna mgeni alikuwa amemwona bibi mwenye leso akiinama na kufunga kitu kwenye pindo. Mama alikuwa ameshaingia garini, hajui tunaongea nini. Ukanigeukia ukaniuliza kama tumebeba kitu. Nikakujibu palepale kwamba hakuna, ni leso tu alikuwa akiifunga vizuri. Sikumuuliza Mama. Niliona haya kwamba mtu anamfikiria mamangu mwizi, hasira ikajibu kabla ya akili. Na wewe ukaniamini, ukaweka sahihi kwenye karatasi ya askari kwamba hatukubeba kitu.

Kigae nilikiona hapa Kola, siku ya pili baada ya kurudi. Mama alifungua pindo la leso akakiweka mezani kando ya chupa ya chai. Ni kipande kidogo tu, cha ukubwa wa kiganja cha Muthoka, cheusi kwa ndani. Pembeni palikuwa na alama ya kidole gumba cha mwanamke aliyekifinyanga, mistari yote imebaki, miaka mingi hivyo. Mama aliweka gumba lake juu ya alama ile, likaingia sawasawa.

“Huyu alikuwa na kidole kama changu,” aliniambia. “Lakini chake bado kinasomeka.”

Nilipaswa kumwambia wakati ule kwamba kukiokota ni kosa. Nilimwambia tu akifiche, asimwonyeshe mtu, nikaenda zangu kazini shuleni. Nilijidanganya kwamba yamekwisha. Ndipo mwezi uliopita ukaniandikia: “Dada, wale wa magofu wamenitumia barua, wanauliza tena ile maneno ya magofu. Niambie ukweli tu. Kuna kitu mlibeba?” Ukaniambia mahojiano yako ya uraia ni tarehe ishirini na tatu Oktoba, na kwamba karatasi ya uongo watu wa uraia wakiipata kwako itakuwa mbaya kuliko wizi wenyewe. Nikakaa na simu mkononi kipindi kizima cha chai. Halafu nikaandika, hakuna.

Jioni hiyo niliamua nikichukue kile kigae kwa siri, nikifunge vizuri, nikipeleke posta. Nilimkuta Mama uani na kinu. Alikuwa anatwanga vigae.

Wewe uliondoka ukiwa mdogo, labda umesahau. Chungu kikivunjika kwetu hakitupwi. Kinatwangwa mpaka kiwe unga, unachanganywa na udongo mpya, ndio hufanya chungu kingine kivumilie moto. Kila chungu cha Mama kina ndani yake vyungu vya nyanya yetu, mama yake. Niliangalia ndani ya kinu nikaona unga mwekundu, na katikati yake weusi kidogo.

Nilimuuliza kile cha Amerika kiko wapi. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo dogo.

“Nimemrudisha kazini,” akasema. “Alikuwa amelala pale mchangani, hakuna anayepikia chungu chake.”

Nilitaka kupiga kelele. Lakini unaijua sheria yake: kazi ya udongo ikishaanza, hakuna kugombana uani mpaka vyungu vitoke motoni, la sivyo vitapasuka vyote. Nikayameza maneno. Siku kumi na nne nimepita kando ya vile vyungu vikikauka, asubuhi na jioni. Nilikuwa nikipika ugali kwa hasira hadi Mama akauliza mwiko umenikosea nini. Usiku nilihesabu siku zilizobaki kabla ya tarehe ishirini na tatu, nikiona ukifukuzwa nchi ya watu na Muthoka akikulilia, kwa sababu ya mdomo wangu.

Jana alivichoma. Vyungu sita, hakuna hata kimoja kilichopasuka. Vilipopoa nikamkalisha kwenye kigoda nikamweleza yote: maneno ya askari niliyoyafupisha, sahihi yako, barua waliyokutumia, mahojiano. Nililia, sikufichi. Mama akaniuliza kwa nini sikumwambia pale langoni, maana angekirudisha chini palepale.

“Mwandikie ndugu yako aseme ni mimi,” akasema. “Asiende mbele ya watu na uongo wetu mfukoni.”

Basi ndivyo ilivyo. Nenda kwa hao waliokuandikia kabla hujaitwa. Waambie mama yako hakuambiwa, aliyeambiwa ni dada yako, na dada yako ndiye aliyesema uongo, mara mbili, nawe uliweka sahihi kwa kumwamini. Jina langu kamili uliandike. Sijui watafanya nini, na naogopa, lakini naogopa zaidi ukiingia pale ukiwa hujui.

Mzee Masila anakuletea pia chungu, kile kidogo chenye shingo fupi. Nimekifunga ndani ya sweta la marehemu Baba. Unga wa kile kigae umo ndani ya udongo wake. Mama anasema uwapelekee wale wa magofu, kwa sababu ni cha mtu wao. Nilimwambia hawatakielewa. Akasema wapikie ndani yake kwanza.

Nisamehe, ndugu yangu. Ukishindwa kunisamehe sasa, nipigie hata kunigombeza, sasa hakuna udongo uani.

Wasalimie Waruguru na Muthoka. Mjomba Maundu anawasalimia, na jirani yetu Nzilani pia. Mungu akutangulie tarehe hiyo, aulainishe moyo wa atakayekuketisha mbele yake, na akurudishe nyumbani kwa mkeo na mwanao ukiwa umetulia.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nilipokudanganya,
Kamanthe

Hapa chini ni kidole gumba cha Mama, alichokiweka mwenyewe kwa wino wa mhuri wa shule, kuonyesha kwamba haya yote ni kweli. Utaona hakina mstari hata mmoja, ni doa tu. Nilitaka tujaribu tena, akakataa. Anasema wale wa uwanja wa ndege wanakijua.