P ya Tumbo Wazi

Mwalimu Asukulu,

Nilipiga mutoto. Mi, mwenye ulifundisha kazi hii, jana nilipiga Neema wa mwaka wa kwanza na rula ya mbao mpaka vidole vikavimba, ju aliandika "papa" namna yako: p yenye tumbo wazi, mukia yake inakimbia kushika herufi inayofuata. Nilimupiga ju ya woga. Unisikilize basi, usinikatie maneno.

Tangu bakuuwe, bazazi ba hapa Lweba bote banaimba neno moja: "Mufunge ile p!" Bamama banafungua kaye, daftari za batoto, banashika kalamu ya biki, banafunga tumbo ya kila p. Direkta wa shule naye ametoa amri. Kitabu inasema ifungwe, lakini we ulisemaka inakawisha mukono, na kila mutu mwenye alipita kwako, toka hapa mpaka Baraka, anaiacha wazi. Sasa p hiyo imekuwa kifo.

Na barua ile, Mwalimu, ni mi niliandika. We ulijua.

Bale banjamaa ba bunduki benye kufunga njia kwa bariere balipiga mama yangu mudogo na kitako ya bunduki, bakamunyanganya mihogo, meno mbili zikatoka. Nikaandikia bakubwa ba Baraka, bila kuweka jina, nikapatia barua motari mumoja wa pikipiki, mutu asiyejua jina yangu. Bakamusimamisha palepale kwa bariere, bakaikuta ndani ya soksi yake. Mujinga mi! Barua ya kubashitaki, niliipitisha mbele ya macho yao.

Basi bakaingia darasani mwako asubuhi, banatafuta mwenye p ile, chaki ingali mukononi mwako. Komanda wabo akaweka barua kando ya maandiko yako kwa ubao, kwa tablo, akalinganisha p na p. "Hii mukono ni ya nani?" Uliitazama mara moja tu. Mi natumiaka mukono ya kushoto, herufi zangu zinalala nyuma. Komanda hakuona hiyo, lakini we ndiye ulikataza balimu bengine banifunge huo mukono na kamba nikiwa mudogo: "Mumuache, neno itafika tu." Ukanitazama pale nyuma kwa batoto, mwenye nilikuwa nakusaidia kufundisha. Ukasema, "Ni yangu."

Bakavunja vidole vyako kimoja kimoja juu ya meza ya mutoto. Batoto banapiga kelele, banajikojolea. Bakakupiga mateke ya tumbo mpaka ukatapika damu, kisha bakakuvuta inje, risasi mbili. Na mi? Nilisimama tu. Mungu anisamehe, mi sijisamehe. Wakati ingine nakukasirikia hata we: nani alikuomba? Nani, Mwalimu?

Mama Riziki, bibi yako, amekataa kuvaa nguo ya kilio. Anasema ulimuachia batoto ine ju ya barua, tena ulimuficha. "Tulilala kitanda moja, hakuniambia hata neno!" Juzi inje ya kanisa alitaja jina yako akatema mate chini, batu bote banaangalia. Nilikuwa karibu yake kabisa. Nikanyamaza tena. Hiyo ndiyo ilinijaza sumu, ikaenda kutokea kwa vidole vya mutoto wa batu.

Leo asubuhi nilipita kwa mama ya Neema, nikaomba samahani, akanifungia mulango. Ni haki yake. Kengele ya saa sita ikipiga ninaenda kwa Mama Riziki. Nitamuambia mbele ya batoto bake: bwana yako hakukuficha kitu, muandishi ni mi. Akitaka kunitoboa, kisu iko pale jikoni. Akipeleka jina yangu kwa bariere, apeleke.

Lala, baba yangu. Nakuahidi kitu moja tu: jua haitashuka leo akiwa bado anakutukana kwa barua ambayo haukuandika.

Mwanafunzi wako,
Sifa