Robo na Robo Chini ya Jeki

Jumanne, 10 Mei 1955. Mvua tangu alfajiri, saumu imefika katikati, na moyo wangu unatokota kuliko chungu cha futari.

Leo tumeitwa walevi. Mchana wa Ramadhani.

Mimi ni mnyapara wa mizigo mizito hapa kwenye shamba la katani, na kutoka Kigombe kwenda chini nani hanijui? Boila la Pangani nililivusha mimi kwenye pantoni, mamba wakakaa pembeni kutupisha. Sasa injini ya tani sita tuliyopewa kuinua leo ni kitu gani kwangu?

Lakini udongo leo ni uji. Jeki ukiisimamisha juu ya uji inazama, lazima uitandikie bamba la chuma ili uzito usambae. Nikaenda stoo kuomba bamba la nusu inchi. Karani Yohana hakutaka kuhamisha magunia yaliyolilalia, akanisukumia mawili ya robo inchi.

"Robo na robo si nusu, Mjomba? Au hesabu uliiacha darasa la pili?"

Vijana wangu walikuwa mlangoni, wanasikia.

Nikayabeba.

Kombo, mmoja wa vijana wangu, akapiga jeki. Injini ilipopanda shibiri moja mabamba yakaanza kuteleza, hili juu ya lile, kila moja likijipinda kivyake. Katikati yakabonyea, kingo zikainuka kama chapati kikaangoni, uzito wote ukabaki palepale chini ya jeki. Injini ikalala ubavu. Kombo aliruka. Shati lake liko chini ya injini hadi sasa.

Yohana akawahi kwa meneja: Kombo kanywa tembo, mkono haukutulia. Yohana huyu, jirani yangu, juzi tu kafuturu kwangu, Kombo yupo mkekani ubavuni mwake! Kesho asubuhi Kombo anafukuzwa.

Jioni nimemfokea Yohana mbele ya mkewe mpaka sauti imekauka. Mzushi mkubwa.

Ila nilijua. Bamba moja nene halipindi. Mawili membamba yaliyolaliana ni mikeka miwili tu. Nimelijua hilo tangu ujana, nikanyamaza nisichekwe hesabu.

Magharibi Kombo akanishika mkono. "Mungu akulipe, Mjomba, umenitetea."

Tende niliyoishika nikairudisha sahanini.

Kesho, kabla Kombo hajaitwa, naingia mimi kwa meneja. Nitasema mabamba niliyakubali mimi huku nikijua. Na nitasema mlango ukiwa wazi, vijana wote wasikie.

Wa kucheka na acheke.