Gurudumu la Kushoto Halikushuka

Lushoto, Jumanne. Ukungu umefika mpaka madirishani na sijaliona jua tangu asubuhi. Nimetulia. Bega tu ndilo linauma, pale mkanda wa kiti uliponibana.

Jana nilikuwa namrudisha Bibi Mwanahawa wa Mlalo kutoka Moshi, alikofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilikuwa na bandeji. La kushoto halioni tangu zamani. Mimi ni muuguzi wake. Tulipanda ndege ya viti vinne ya Kapteni Urio, rubani mstaafu anayejitolea kubeba wagonjwa wa hospitali yetu.

Tulipoukaribia uwanja wa shamba la mkonge, chini ya milima, Kapteni alishusha magurudumu. Taa tatu za kijani zilitakiwa kuwaka, moja kwa kila gurudumu. Zikawaka mbili; ya gurudumu la kushoto ikakataa. Akayapandisha, akayashusha tena. Mbili. Akasukuma pampu ya mkono mpaka jasho likamtiririka shingoni. Bado mbili.

"Mbona tunazunguka?" Bibi akauliza.

"Kuna mbuzi uwanjani, bibi. Wanafukuzwa."

Nilimdanganya.

Tulizunguka karibu saa nzima ili mafuta yapungue. Kisha Kapteni akaniambia kwa sauti ya chini kwamba atayakunja magurudumu yote na kutua kwa tumbo. Nimwandae mgonjwa, ainame. Na daktari alikuwa amekataza kabisa asiiname, jicho lisije likaharibika.

Ilibidi nimwambie ukweli. Nikaanza.

"Mwanangu," akanikatiza, "kilichofungwa ni jicho. Masikio yangu mazima. Nilijua hakuna mbuzi. Sasa niambie niiname vipi."

Nilikunja sweta langu, nikamwekea kwenye paji la uso ili bandeji isiguswe, nikamkumbatia kichwa. Kapteni akafungua mlango kidogo, usije ukakwama tukishagonga ardhi, akazima injini. Ukabaki upepo tu.

Halafu ardhi. Kelele kama mabati yanayoburuzwa juu ya mawe. Vumbi likajaa ndani. Tulisota, tukapinda, tukasimama hatua chache kutoka kwenye mikonge.

"Tokeni!" Kapteni akapiga kelele. Nikamvuta Bibi, naye akatembea peku kwa haraka kuliko nilivyoweza mimi mwenye viatu. Hakuna aliyeumia. Kapteni alikaa kwenye nyasi akatuomba samahani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka Bibi akamwambia inatosha, tupo hai.

Leo asubuhi nimemfungua bandeji. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu, si yeye.

"Shikamoo, bibi. Unaniona?"

"Marahaba. Nakuona. Kumbe mdogo hivyo!" Akacheka.

Nimefikiria sana ule uongo wa mbuzi. Nilijiambia namlinda. Ukweli ni kwamba nilikuwa najilinda mwenyewe, maana kama ningelitamka lile jambo kwa mdomo wangu, ningelia mbele ya mgonjwa. Yeye akakaa saa nzima na hofu yake peke yake, bila mtu wa kumshika mkono, na mkono wangu ulikuwa pale pale.

Hilo linaniuma kuliko bega.

Mchana mganga mkuu ameniuliza kama nitasindikiza mgonjwa mwingine ndege ikishatengenezwa. Nimejibu ndiyo. Kisha nimekwenda stoo, nikaketi kidogo peke yangu juu ya katoni za glavu.

Nitapanda. Na mgonjwa akiniuliza, nitamjibu.